Bustani ya Forodhani: Ni ya Nani, na Inatumikia Utamaduni Gani?

Wapo watu wanaodhani kuwa mambo ya bustani ni ya watunza maua na wachoraji ramani, na kwamba kada au mwanafunzi wa siasa hana la kusema hapo. Dhana hiyo ni potofu. Ardhi ya katikati ya mji ni rasilimali adimu. Anayeamua itumikeje, nani akae, nani auze, nani aimbe na nani aondolewe, anaamua pia juu ya mgawanyo wa nguvu katika jamii. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kufanya uhakiki wa bustani moja inayojulikana na kila anayefika Unguja, yaani Bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo ilianza kufanyiwa matengenezo makubwa mwaka 2008 na kufunguliwa upya Julai 2009.

Hukumu inayosikika mara nyingi juu ya matengenezo yale ni neno moja: imependeza. Sisi hatubishani na hukumu hiyo. Tunachosema ni kwamba haitoshi. Mahali palipokusudiwa kuwa pa kukutania na kukuza utamaduni hapapimwi kwa macho peke yake. Hapana budi tuulize: wanaokutana hapo ni akina nani, wanakutana ili wafanye nini, na faida inakwenda wapi? Tukishindwa kuuliza hivyo, tutakuwa tunasifu rangi ya mlango bila kujua ufunguo anao nani.

Historia ya mahali

Jina lenyewe linatufundisha. Forodhani ni mahali pa forodha. Katika karne ya 19 hapa ndipo bidhaa zilipotozwa ushuru: pembe za ndovu kutoka bara, karafuu za Unguja na Pemba, nguo na shanga kutoka ng'ambo ya bahari, na watumwa, mpaka soko lao la Mkunazini lilipofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Kwa miaka mingi Sultani hakukusanya ushuru huo mwenyewe. Aliukodisha kwa mfanyabiashara, ambaye alilipa kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na ziada ikawa yake. Jambo hili tuliweke akilini, maana fikra ya kukodisha mali ya umma kwa mtu mwenye fedha si ngeni pwani hii. Ina umri mkubwa kuliko bustani yenyewe.

Nyuma ya bustani zimesimama alama za tawala zilizopita. Ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuondolewa kwa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Lipo Beit al-Ajaib, kasri la sherehe lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Mbele ya majengo haya, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa nzima ili kumweka kwenye kiti Sultani wanayemtaka wao. Tangu siku hiyo hapakuwa na shaka juu ya nani hasa alikuwa mtawala Zanzibar.

Bandari ilipohamia Malindi katika miaka ya 1920, ukingo huu wa bahari ulibaki bila kazi yake ya zamani. Ndipo ikatengenezwa bustani ya jubilei, kuadhimisha mwaka 1936 miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawazwa mwaka 1911. Tutazame mpangilio wake: bustani mbele ya kasri, jukwaa la bendi katikati, bahari kwa upande mmoja. Ulikuwa ni mpango wa gwaride. Raia alialikwa atazame na apige makofi. Hakutarajiwa kupanda jukwaani.

Wakati huohuo, wananchi walio wengi waliishi upande wa pili wa hori, Ng'ambo. Wakoloni waliutumia mpaka huo wa maji, na mipango yao ya mji iliuimarisha: Mji Mkongwe wa mawe upande huu, vibanda vya udongo na makuti upande ule. Hori lilifukiwa hatua kwa hatua, ikabaki barabara, ile iliyoitwa Creek Road na baadaye ikapewa jina la Benjamin Mkapa. Lakini kufukia maji ni kazi ya koleo. Kufukia utengano wa kitabaka ni kazi kubwa zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 bustani ikawa ya umma kwa maana kamili ya neno: mtoto wa Ng'ambo akavuka barabara, akaja kupunga upepo mbele ya kasri, bila kumwomba mtu ruhusa.

Lililofanywa vizuri

Uhakiki wa haki huanza kwa kukiri kazi njema. Kufikia mwanzo wa karne hii bustani ilikuwa imechoka. Ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa na mawimbi, maji ya mvua yalituama, taa zilikuwa haba, na uchafu wa biashara ya chakula ulizagaa. Matengenezo ya 2008 na 2009 yalifanywa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa gharama ya zaidi ya dola za Marekani milioni 2. Ukuta uliimarishwa, mifereji ikachimbwa, njia zikawekwa sakafu, taa na viti vikaongezwa, miti mikubwa ikatunzwa, watoto wakapata mahali pa kuchezea, na wachuuzi wa chakula wakapangiwa eneo lao.

Mambo mawili yanastahili sifa ya pekee. Kwanza, bustani haikutozwa kiingilio. Katika mji ambao kila kitu chenye mandhari ya bahari kina bei, uamuzi huo si mdogo. Pili, wachuuzi hawakufutwa. Mara ngapi tumeona miji yetu ikisafishwa kwa maana ya kuwafagia maskini pamoja na takataka zao? Hapa mchuuzi wa urojo, wa mishkaki, wa pweza na wa maji ya miwa alitambuliwa kuwa ni sehemu ya mahali hapo. Ni fundisho ambalo miji mingine ya Afrika Mashariki ingefaa kulichukua.

Mkinzano wa ndani

Hata hivyo, ndani ya kazi hiyo njema umo mkinzano ambao taa na viti haviwezi kuuondoa. Bustani moja inatakiwa ifanye kazi mbili. Ni sebule ya wananchi wa mji. Vilevile ni duka la mbele la uchumi wa utalii. Mwaka 2022 sensa ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Mwaka uliofuata wageni walioingia visiwani walizidi 600,000, na ni wachache miongoni mwao wanaoondoka bila kupita Forodhani jioni moja. Kazi hizi mbili zinapogongana, ipi inashinda?

Nguvu ya kununua ndiyo inayojibu. Jua linapotua, meza hupangwa, majiko huwashwa, na mwito wa wachuuzi hutoka kwa Kiingereza na Kitaliano kabla ya Kiswahili. Kila mwenyeji anajua kuwa ipo bei ya mgeni na ipo bei yake yeye. Mchuuzi halaumiwi kwa hilo. Ana watoto wa kulisha, na anafuata fedha ilipo. Lakini matokeo yake ni kwamba chakula kinachoitwa cha asili hupikwa kwa kufuata ulimi wa mpita njia, na mwenyeji hujikuta mgeni mbele ya meza ya kwao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuulize bila haya: katika bustani hii mwenyeji amepona kiasi gani?

Upande wa pili wa mkinzano ni utamaduni wenyewe. Tamasha la Filamu la Zanzibar lilianza mwaka 1998, na Sauti za Busara mwaka 2004. Yote mawili yalifanya Ngome Kongwe kuwa kitovu chao. Ni matamasha yenye sifa, yameleta wasanii wa bara zima, na katika miaka kadhaa Sauti za Busara limeweka pia jukwaa la bure bustanini. Lakini kwa kawaida mpangilio ni huu: ndani ya kuta za Ngome ipo sanaa kwa tikiti, nje ya kuta, bustanini, upo umma unaosikia ngoma bila kuiona. Ukuta uliojengwa kwa ajili ya mizinga sasa unatenganisha mwenye tikiti na asiye nayo.

Hapa yatupasa kutofautisha utamaduni unaotazamwa na utamaduni unaofanywa. Wa kwanza unahitaji jukwaa, tikiti na mtazamaji. Wa pili unahitaji mahali, muda na watu wanaojuana. Historia ya taarab ni ushahidi wa kutosha. Taarab iliingia Unguja kama burudani ya kasri, kwa ala na lugha ya Kiarabu. Iliyoishusha kwa wananchi haikuwa sherehe ya kasri wala ruzuku. Ni wanamuziki wa Ng'ambo, na mbele yao wote Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka Fumba, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Vivyo hivyo beni: bendi ya matarumbeta ya wakoloni ilichukuliwa na watu wa pwani, wakaigeuza ngoma yao wenyewe, yenye mashindano na kejeli. Jukwaa la jubilei lilikusudiwa kutukuza watawala. Mitaa ikajibu kwa kuifanya bendi chombo chake. Huo ndio utamaduni unaofanywa. Wanaopanga bustani ya utamaduni wajiulize ikiwa mpango wao unaweza kumzaa Siti mwingine, au unaweza tu kumwalika aliyekwisha kuzaliwa na kukomaa mahali pengine.

Mfano ulio hai uko palepale ukutani. Jioni, vijana hukusanyika kwenye ukingo wa Forodhani kupiga makachu: wanakimbia, wanaruka, wanapinduka hewani, wanatumbukia baharini huku umati ukishangilia. Hakuna mfadhili aliyeliandikia bajeti jambo hili wala mchoraji aliyelitia katika ramani. Vijana wenyewe wamebuni mitindo, wamefundishana, wamejenga ushindani na heshima baina yao. Mbele ya jambo kama hili mamlaka za miji hushawishika kufuata mojawapo ya njia mbili mbovu: kupiga marufuku, au kuligeuza onyesho la kulipiwa na wenye kamera. Njia ya tatu ndiyo sahihi, nayo ni rahisi: kuweka ngazi imara ya kupandia, mtu mwenye ujuzi wa kuokoa, na kanuni za usalama zilizotungwa na vijana hao wenyewe.

Hoja za wanaotupinga

Wapo watakaosema kwamba hoja zetu ni za kinadharia. Watasema: bila fedha za wafadhili bahari ingeichukua bustani, bila watalii wachuuzi wasingepata riziki, serikali ina shule na hospitali za kuhudumia kabla ya bustani. Hoja hizi ni nzito, na hatuna sababu ya kuzikwepa.

Ni kweli kwamba ukuta wa bahari haujengwi kwa maneno. Hata ukuta wa Mizingani, jirani na Forodhani, ulijengwa upya katika miaka ya 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lakini msaada ni jambo moja, na uamuzi ni jambo jingine. Mtoa fedha anaweza kusaidia kusimamisha ukuta. Hawezi kuamua kwa niaba ya wananchi nini kifanyike nyuma ya ukuta huo. Kosa si kupokea msaada. Kosa ni kuuchukua mkataba wa msaada kuwa mbadala wa mjadala wa umma, kisha kuwaita wananchi siku ya kukata utepe.

Ama riziki ya wachuuzi, tunaikubali na tunataka iongezeke. Lakini riziki inayotegemea mnunuzi wa aina moja ni riziki dhaifu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yaliposimamisha ndege, kila anayeishi kwa utalii alitambua udhaifu huo. Waliobaki kununua urojo walikuwa wenyeji. Kwa hiyo kumrudisha mwenyeji bustanini si huruma kwa utamaduni tu. Ni kinga ya uchumi wa mchuuzi mwenyewe.

Wapo pia watakaosema kuwa hadhi ya Urithi wa Dunia, ambayo Mji Mkongwe uliipata mwaka 2000, inatosha kuulinda. Haitoshi. Jengo la Mambo Msiige, huko Shangani, hatua chache kutoka bustanini, liligeuzwa kuwa hoteli kwa kuongezewa jengo jipya pembeni, ingawa Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake. Na Beit al-Ajaib, likiwa katika matengenezo, liliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Cheti hakizuii jengo kuanguka wala ufukwe kuuzwa. Kinachozuia ni umma unaojua mali yake na wenye chombo cha kuisemea.

Mafunzo ya majirani

Nairobi inatupa ushahidi. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 ulipangwa kujengwa humo mnara wa ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walipinga. Walitukanwa, wakaitwa maadui wa maendeleo, lakini hatimaye mpango ukafutwa. Haikuwa sheria za mipango miji zilizoiokoa bustani ile. Ni watu walioitambua kuwa yao.

Dar es Salaam nayo ina Mnazi Mmoja. Wakoloni waliuacha wazi ukanda ule ili utenganishe mji wa biashara na makazi ya Waafrika ya Kariakoo. Lilikuwa ni eneo la kutenga watu. Wananchi waliligeuza kuwa eneo la kukutana: mikutano ya hadhara ya kudai uhuru ilifanyika hapo, karibu na ofisi ya TANU katika barabara ambayo sasa inaitwa Lumumba, na baadaye ukasimamishwa hapo Mnara wa Mwenge wa Uhuru. Ardhi ni ileile. Maana yake ilibadilishwa na matumizi ya watu. Kwa hiyo tusidanganyike kuwa mchoro ndio unaozaa mahali pa kukutania. Mchoro unaweza kusaidia au kuzuia, lakini maana ya mahali huletwa na wanaopatumia.

Yatupasa kufanya nini?

Suala hili halijafungwa. Kujengwa upya kwa Beit al-Ajaib hakuwezi kutenganishwa na bustani iliyo mbele yake, na kadiri ardhi ya ufukweni inavyopanda thamani ndivyo mapendekezo mapya yatakavyokuja, kila moja likiwa na picha za kuvutia. Makada na wanafunzi wanapaswa kuwa na msimamo kabla ya picha hizo hazijabandikwa ukutani. Sisi tunapendekeza misingi mitano.

Kwanza, bustani iendelee kuwa wazi, bila kiingilio wala uzio, na sehemu yake yoyote isikodishwe kwa namna itakayomlazimisha mtu kununua ili apate kukaa. Mfano wa ushuru wa forodha wa karne ya 19 unatosha kutuonya.

Pili, kiwepo chombo cha usimamizi ambamo wachuuzi, vijana wa makachu, vikundi vya ngoma na taarab, wazee wa mitaa ya Mji Mkongwe na wawakilishi wa Ng'ambo wana kura, pamoja na Baraza la Manispaa na Mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoundwa mwaka 1985. Kualikwa kutoa maoni hakutoshi. Maoni hutunzwa ndani ya faili, kura huhesabiwa.

Tatu, jukwaa la bustani liwe na ratiba ya wenyeji. Siku maalumu za juma ziachiwe kidumbaki, msewe, maigizo ya shule na mashindano ya utenzi, bila tikiti na bila kusubiri msimu wa watalii. Klabu za zamani za taarab, kama Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, zingeweza kufundisha vijana hadharani badala ya kubaki vyumbani. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini ni lazima kwanza apewe uwanja wa kuchezea.

Nne, historia ya kazi iandikwe mahali hapo kwa Kiswahili chepesi. Mgeni anasimuliwa juu ya masultani na milango ya nakshi. Mtoto wa Unguja asimuliwe pia juu ya mahamali waliobeba karafuu, juu ya watumwa waliopitishwa forodhani, na juu ya makuli wa bandari ambao mwaka 1948 waligoma na mji mzima ukasimama.

Tano, Ng'ambo nayo ipate mahali pake. Ni kosa kudhani kuwa utamaduni unakaa ufukweni penye mandhari, na kwamba wa Ng'ambo atausafiria. Taarab ya wananchi ilitoka huko. Fedha ya kutunza viwanja vya Ng'ambo isiwe masalio ya fedha ya Forodhani.

Misingi hii haihitaji mamilioni ya dola. Inahitaji uamuzi, na uamuzi unahitaji watu wenye mwamko wa kuuliza maswali mapema. Mwanafunzi anayesoma makala hii aende Forodhani jioni, akiwa na daftari. Ahesabu waliokaa na kununua, na waliokaa bila kununua. Asikilize lugha inayotumika kwenye meza. Awaulize wachuuzi nani aliwashirikisha, na lini. Kisha alete majibu hayo katika mkutano wa tawi au darasani, yajadiliwe. Siku mpango mwingine wa bustani utakapowekwa mezani, tuwe na hesabu yetu wenyewe ya kuupimia.